Unaachia fremu Kigoma? Namna ya kumhamishia mtu mwingine pango la biashara

Ukitoka stesheni ya reli ukapanda na Barabara ya Lumumba kuelekea Mwanga, hukosi kukutana na karatasi iliyobandikwa kwenye mlango wa chuma wa chumba cha duka: "Fremu inaachiwa", na namba ya simu chini yake. Anayeachia alilipa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, biashara haikwenda alivyotarajia au kapata sehemu karibu zaidi na stendi ya Masanga, na miezi bado ipo. Anayetaka kuingia anafurahia kwamba shelfu zipo, umeme upo na wateja wameshaizoea sehemu. Wanapatana bei, hela inatumwa kwa simu, ufunguo unatoka mfukoni. Mwenye nyumba anakuja kupata habari kwa muuza mihogo wa jirani.

Makubaliano ya namna hiyo yanadumu hadi siku mwenye nyumba atakapokasirika. Mkataba wake ni na mtu aliyeondoka. Huyu aliyemo ndani hamtambui. Anaweza kupandisha kodi, anaweza kumtaka atoke, na aliyelipa hela hana karatasi ya kuonyesha. Mpangilio ninaoutetea hapa ni huu: mwenye nyumba kwanza, karatasi pili, hela tatu, ufunguo mwisho. Mkiuvuruga, mmoja kati ya watu watatu ataumia, na mara nyingi ni yule aliyetoa hela.

1. Jua fremu ni ya nani na mkataba unasemaje

Kabla hujamtangazia mtu, toa mkataba wako uusome upya, hata kama ni kurasa mbili zilizochapwa stationari. Angalia unaisha tarehe gani, kama kuna kifungu kinachokataza kumpangisha mtu mwingine, na nani hasa alisaini kwa niaba ya nyumba.

Kuhusu kifungu hicho, wapangaji wengi hudhani mkataba ukiwa kimya basi wako huru. Hapana. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 inamtaka mpangaji apate ridhaa ya maandishi ya mwenye nyumba kabla ya kuhamisha pango, kupangisha tena au kumwachia mtu mwingine eneo. Upande wa pili, sheria hiyo hiyo haimruhusu mwenye nyumba kunyima ridhaa bila sababu ya msingi. Kwa hiyo unapokwenda kwake huendi kuomba fadhila, lakini pia huendi kumpa taarifa ya jambo lililokwisha kufanyika.

Wapo wasio na karatasi kabisa. Mkataba wa mwaka mmoja au chini ya hapo unaweza kuwa wa mdomo na bado ukawa mkataba. Shida ni kwamba huwezi kumkabidhi mtu mwingine maneno. Kama uko kwenye hali hiyo, andikishianeni kwanza wewe na mwenye nyumba: unalipa kiasi gani, umelipa hadi mwezi gani, amana ni ngapi. Karatasi moja yenye saini mbili inatosha kuanzia.

Swali la nani alisaini ndilo lenye kazi hapa kwetu. Nyumba nyingi za Ujiji, na za Mwanga pia, ni za familia. Mzee aliyejenga alishafariki, kodi inapokelewa na mtoto mkubwa, shangazi ana neno lake, na kuna ndugu yuko Dar es Salaam ambaye hukumbuka nyumba kila kodi inapolipwa. Katika nyumba kama hiyo, mwenye mamlaka ya kusaini ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, si anayepokea hela. Omba kuona barua ya usimamizi. Kama hakuna msimamizi, angalau warithi watu wazima wote wasaini karatasi yenu. Hiyo si kinga kamili, ila inapunguza uwezekano wa ndugu kutokea mwezi wa pili akisema hakushirikishwa.

Na kama fremu imechongwa kwenye nyumba ambayo mume na mke wanaishi, saini ya mmoja haitoshi. Sheria ya Ndoa ya 1971 inamzuia mwanandoa kuuza, kutoa zawadi, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Baba akisaini barazani, hakikisha mama aliye uani naye amesaini.

Yote hayo ni kwa nyumba za watu binafsi. Chumba cha duka au kizimba cha soko kilicho mali ya Manispaa ya Kigoma Ujiji huwezi kumhamishia mtu kwa mapatano yenu wawili, hata mkisaini mbele ya mawakili kumi. Unakirudisha kwa halmashauri kupitia msimamizi wa soko au ofisi ya biashara, na anayetaka anaomba mwenyewe. Anayekuuzia kizimba cha soko anauza kitu kisicho chake. Nyumba za Shirika la Nyumba la Taifa na maeneo ya Shirika la Reli nayo yana taratibu zake. Nenda ofisini kwao kabla ya lolote.

2. Chagueni njia

Kuna namna tatu, na watu huzichanganya.

Ya kwanza ni kuhamisha pango lenyewe. Mkataba unabaki ule ule, na masharti na tarehe zake, ila jina lako linatoka na la mwenzako linaingia. Inafaa pale mkataba ulipo mrefu na una masharti mazuri ambayo mwingine asingeyapata leo, kwa mfano kodi iliyofungwa kwa miaka mitatu.

Ya pili ni kupangisha tena. Wewe unabaki mpangaji kwa mwenye nyumba, na mwenzako anakuwa mpangaji wako. Kodi isipolipwa, anayetafutwa ni wewe. Njia hii naiona ina maana pale tu unapotaka kurudi, tuseme unakwenda masomoni mwaka mmoja, au unapotoa nusu ya fremu. Kwa anayeachia moja kwa moja ni mzigo usio na faida.

Ya tatu ni kuvunja mkataba wa zamani kwa ridhaa na kuandika mpya kati ya mwenye nyumba na anayeingia. Kwa fremu za kawaida za mjini kwetu, za mkataba wa mwaka mmoja mmoja, hii ndiyo ninayoipendekeza. Ni rahisi kueleweka na wote watatu, ofisi ya leseni inaielewa, na anayetoka anatoka kweli. Inachohitaji ni karatasi ya ziada ya watu watatu inayosema hela za zamani zimekwenda wapi. Tutaifikia.

Kama mkataba ni wa miaka mitano au zaidi na kiwanja kina hati, msijaribu wenyewe. Hapo suala la usajili kwa Msajili wa Hati linaingia, na wakili anahitajika tangu siku ya kwanza.

3. Nenda kwa mwenye nyumba

Nenda mwenyewe, usimtume dalali. Shikamoo, habari za nyumbani, halafu jambo lenyewe. Mwambie ukweli kwamba unaondoka na kwa nini. Mzee wa watu hapendi kusikia kwamba fremu yake imetangazwa kwenye kundi la WhatsApp kabla hajaambiwa. Ukimkuta katika hali hiyo, hata jambo ambalo angelikubali kwa dakika moja linageuka kesi.

Mkishazungumza, mwachie barua. Mazungumzo yanatuliza moyo, barua ndiyo inayobaki. Inaweza kuwa hivi:

*Yah: Ombi la kumhamishia mpangaji mwingine fremu namba 3*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mpangaji wako katika fremu tajwa, iliyopo Mwanga, kwa mkataba wa tarehe 1 Januari hadi 31 Desemba. Kodi imelipwa hadi mwisho wa mkataba. Kwa sababu za kibiashara natarajia kuondoka ifikapo tarehe 31 Agosti. Naomba ridhaa yako ya maandishi ili fremu hiyo apewe (jina kamili), ambaye atafanya biashara ya (taja). Nakala ya kitambulisho chake nimeiambatanisha. Naomba jibu lako ndani ya siku 14.*

Chini weka jina, saini, simu, na nafasi ya yeye kuandika "Nimepokea" na tarehe. Nafasi hiyo usiisahau.

Taja biashara itakayofanyika, usiandike "biashara halali" tu. Mwenye nyumba anayekaa uani na wajukuu ana haki ya kujua kama aliyempangisha muuza vitenge sasa anamletea mashine ya kusaga. Kukataa mtu wa welding ukutani kwa chumba cha kulala ni sababu ya msingi. Kukataa kwa sababu anataka apewe hela juu ya hela si sababu, ingawa mtakutana nayo, na hapo ni kujadiliana.

Muulize papo hapo maswali mawili kwa niaba ya anayeingia: mkataba ukiisha utamwongezea? Na kwa kodi gani? Majibu yake yataamua hesabu zote zinazofuata.

4. Mjue anayeingia

Mwenye nyumba atataka kumwona, na ni vyema aje. Awe na kitambulisho cha NIDA na TIN, yaani namba ya mlipa kodi. Kama anaingia kwa jina la kampuni, asaini kama kampuni, na aonyeshe usajili wake wa BRELA.

Kigoma ni mji wa mpakani. Mizigo ya Kibirizi inakwenda Kalemie na Uvira, na wafanyabiashara kutoka ng'ambo ya ziwa ni wateja wetu wa kila siku. Lakini kuna amri ya Julai 2025 inayowazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara nchini, zikiwemo za jumla na rejareja isipokuwa chache zilizotajwa humo, uwakala wa fedha kwa simu na ufundi wa simu. Raia anayemsaidia mgeni kuzifanya naye anaingia kwenye kosa. Kwa hiyo ule utaratibu wa Mtanzania kusaini mkataba kwa jina lake huku mwenye duka ni mwingine, uacheni. Anayeumia ni yule ambaye jina lake liko kwenye karatasi.

5. Pigeni hesabu

Hapa ndipo penye maneno mengi, kwa hiyo tuchukue mfano. Kodi ni shilingi 150,000 kwa mwezi, ililipwa ya mwaka mzima, 1,800,000, kuanzia 1 Januari. Amana kwa mwenye nyumba ni 150,000. Anayetoka anaondoka 31 Agosti.

Kodi iliyobaki ni miezi minne, yaani 600,000. Mwenye nyumba hawezi kuirudisha, ameshaitumia, na kusema kweli halazimiki kama mkataba hausemi hivyo. Kwa kawaida anayeingia ndiye anayemrudishia anayetoka. Sawa, ila mwenye nyumba akiri kwa maandishi kwamba kodi ya Septemba hadi Desemba ameshapokea na hataidai tena. Bila hilo, kuna watu wamelipa miezi ile ile mara mbili.

Amana nayo iko mikononi mwa mwenye nyumba. Ama amrudishie anayetoka na kupokea mpya, ama anayeingia amlipe anayetoka 150,000 na mwenye nyumba aandike kwamba amana aliyonayo sasa ni ya huyu mpya. Chagueni moja, iandikwe.

Halafu shelfu, kaunta, feni, bango. Kabla ya kuviuza, hakikisha ni vyako. Kilichopigiliwa ukutani na kikitoka kinaacha shimo, mwenye nyumba anaweza kusema ni sehemu ya nyumba. Vigae ulivyoweka wewe kwa hela yako huwezi kuving'oa, na huwezi kumwuzia mtu kama hukuwa na makubaliano juu yake. Andikeni orodha na bei ya kila kimoja.

Mwisho kuna kilemba, hela ya kupishwa tu kwa sababu sehemu ni nzuri. Mwenye fremu mbele ya stendi atataka, na atapata. Sina ugomvi na kilemba. Sehemu yenye wateja ina thamani. Ugomvi wangu ni na watu wanaolipa kilemba kwa fremu iliyobakiza miezi minne. Ukitoa 800,000 leo, na Januari mwenye nyumba akasema kodi sasa ni 250,000 au mwanawe anataka kufungua duka la vipuri vya bodaboda, hela yako imekwenda na hakuna wa kumdai. Kwa hiyo mpe anayetoka kilemba pale tu mwenye nyumba amesaini mkataba mpya wenye angalau mwaka mmoja zaidi mbele, na kodi imetajwa. Kama mwenye nyumba hataki kujifunga, basi unachonunua ni miezi minne, na bei iwe ya miezi minne.

Dalali kwa desturi anachukua sawa na kodi ya mwezi mmoja. Kubalianeni mapema nani anamlipa. Hela kubwa isipitie kwake. Itoke kwa anayeingia iende moja kwa moja kwa anayestahili, kwa benki au kwa simu, ili ibaki kumbukumbu.

6. Kodi ya zuio

Mpangaji wa biashara anatakiwa na Sheria ya Kodi ya Mapato azuie asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi wa malipo kuisha. Kwenye mfano wetu ni 180,000. Kisheria hiyo ni kodi ya mwenye nyumba inayokatwa kwenye hela yake: anapokea 1,620,000 na cheti cha kodi iliyozuiwa. Mitaani wengi husema "hiyo ya serikali utajua mwenyewe", na mpangaji analipa juu ya kodi kamili. Vyovyote mlivyokubaliana, anayetoka ampe anayeingia nakala ya risiti ya TRA. Huyu mpya akienda kuombea leseni na mkataba wake ataulizwa asilimia 10 iko wapi, na bila risiti ya mwanzo anaweza kujikuta akilipia miezi ambayo ilishalipiwa. Kama anayetoka hakulipa kabisa, lijulikane kabla ya hela kutolewa, si baada.

7. Andikeni

Mtakuwa na karatasi mbili: mkataba mpya kati ya mwenye nyumba na anayeingia, na makubaliano ya watu watatu. Hayo ya pili yasiwe marefu. Yaseme:

*Mpangaji wa zamani anakabidhi fremu tarehe 31 Agosti na mkataba wake unakoma siku hiyo kwa ridhaa ya pande zote.*

*Mwenye nyumba anathibitisha kwamba hadi siku hiyo hamdai mpangaji wa zamani kodi, fidia wala malipo mengine, na anamwachilia na wajibu wowote utakaotokea baada ya tarehe hiyo.*

*Mwenye nyumba anathibitisha kupokea kodi ya Septemba hadi Desemba, na kwamba haitadaiwa kwa mpangaji mpya.*

*Amana ya shilingi 150,000 iliyoko kwa mwenye nyumba sasa ni ya mpangaji mpya.*

*Mpangaji mpya hahusiki na madeni ya umeme, maji, ushuru, kodi za serikali wala wadai wa biashara ya mpangaji wa zamani.*

Kifungu cha pili ni cha kumlinda anayetoka, na ndicho kinachosahaulika, kwa sababu anayetoka anakuwa na haraka ya hela. Asiyeachiliwa kwa maandishi anaweza kutafutwa kwa uharibifu uliofanywa na mtu aliyempisha.

Kama mnauziana na bidhaa zilizomo, iwe karatasi nyingine kabisa. Msichanganye mchele na pango.

Wasaini wote watatu siku moja, mezani pamoja, kila ukurasa, kila mmoja na shahidi wake. Ofisi ya mtendaji wa kata au mwenyekiti wa mtaa wanatambua watu na wanajua nyumba, na muhuri wao una uzito mtaani. Kwa hela kubwa, au nyumba yenye mirathi, mlipeni wakili. Gharama yake ni ndogo kuliko kilemba. Nakala ziwe tatu, zote zenye saini halisi, siyo moja na fotokopi mbili.

Kisha mkataba upelekwe TRA kulipiwa ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya pango ya mwaka. Kwa mfano wetu ni shilingi 18,000. Mna siku 30 tangu kusaini.

8. Siku ya makabidhiano

Fanyeni mchana, duka likiwa tupu. Nasisitiza tupu: maboksi yakiwa yameegemea ukuta huoni kitu.

Anza na mlango. Shusha geti lote chini, lifunge, lifungue tena mara mbili. Reli iliyopinda ina tabia ya kukubali mara ya kwanza na kugoma ya pili. Tazama juu darini palipo na rangi ya chai iliyosambaa: huo ni mvujo, na mvua za Kigoma zikianza Oktoba au Novemba hazina huruma na magunia ya unga. Muulize mwenye nyumba hapo hapo nani analiziba bati, kabla hajaondoka. Washa kila taa, chomeka chaja kwenye kila soketi. Piga picha kuta zote nne, sakafu, dari na choo mnachoshirikiana, mzitumiane watatu nyote kwenye simu siku hiyo hiyo ili tarehe ibaki.

Nenda kwenye mita ya LUKU. Andika namba ya mita na uniti zilizobaki. Jaribuni kununua umeme kidogo, hata wa elfu moja, mbele ya wote: kama kuna deni limefungwa kwenye mita, utaliona kwenye makato. Kodi ya majengo nayo tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU, na hiyo ni ya mwenye nyumba, kwa hiyo kubalianeni kama itapunguzwa kwenye pango. Kama mita moja inahudumia fremu tatu na nyumba ya uani, ulizeni kila mmoja huwa anachanga kiasi gani, na muulize jirani pia, siyo anayetoka peke yake. Maji, omba ankara ya mwisho ya KUWASA iliyolipwa. Risiti za taka vilevile.

Anayeingia anunue kufuli mpya siku hiyo. Siyo kutomwamini mtu. Funguo za zamani zimeshapita kwa vijana wa dukani wangapi, hakuna ajuaye.

Halafu hela inatumwa, ujumbe wa kuthibitisha unaingia kwenye simu ya anayetoka, na ndipo ufunguo unatolewa.

9. Majina kwenye ofisi na ukutani

Leseni iliyotundikwa ukutani ina jina la anayetoka na haimkingi anayeingia hata siku moja. Aombe yake kupitia mfumo wa mtandaoni wa TAUSI, akiwa na mkataba mpya, TIN na uthibitisho wa kodi kutoka TRA. Angalieni mpaka: fremu ya Gungu leseni yake ni ya Manispaa, ya Mwandiga ni ya Halmashauri ya Wilaya ya Kigoma. Duka la dawa linahitaji pia kibali cha jengo kutoka Baraza la Famasi, na chakula kina afisa afya.

Anayetoka aende TRA na barua, ama ya kufunga biashara ama ya kuhama eneo. Usipowaambia, makadirio ya kodi yanaendelea kusoma kwa jina lako kana kwamba bado unauza. Mashine ya risiti, EFD, unaondoka nayo. Imesajiliwa kwa TIN yako, na risiti atakazotoa mwenzako zitahesabika kuwa mauzo yako. Vivyo hivyo laini za uwakala wa simu.

Na bandua stika ya Lipa Namba. Inaachwa ukutani mara nyingi kuliko mnavyodhani, mteja anafika, analipia sabuni na mafuta ya mawese, hela inakwenda kwa mtu aliyehamia Kasulu. Jina la kwenye bango lifutwe wiki hiyo hiyo, kwa sababu wadai wa zamani husoma bango.

10. Ikigoma

Mwenye nyumba asipojibu barua hadi siku 14 zikapita, andika ya pili, umkumbushe ya kwanza, na nakala umpe mtendaji. Usimwingize mtu kwa hoja kwamba kunyamaza ni kukubali. Ridhaa inatakiwa iwe ya maandishi. Akikataa, mwombe aandike sababu. Wengi wakitakiwa kuandika hulegeza.

Ugomvi wa pango unaanzia Baraza la Kata, ambalo tangu marekebisho ya 2021 kazi yake ni kusuluhisha tu. Likishindwa linatoa cheti cha kuthibitisha hivyo, na cheti hicho ndicho kinachokufungulia mlango wa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mwenye nyumba aliyeweka kufuli lake juu ya lako hajakufukuza kisheria. Piga picha, mwite mwenyekiti wa mtaa aone, wala usilivunje. Nenda na barua ile yenye "Nimepokea", mkataba, makubaliano ya watu watatu, picha na ujumbe wa malipo. Hakikisha mkataba ulilipiwa stempu, kwa sababu usiolipiwa haupokelewi kama ushahidi mpaka ushuru na faini yake vilipwe.